Jinsi ya kuifanya bunduki ya shabaha za mbali irudi nyuma kwa njia ileile kila risasi

Kama bunduki yako inapiga tundu moja kwenye mita 100 halafu ukienda yadi 1000 inaanza kutawanya juu na chini bila sababu ya kueleweka, usikimbilie kubadilisha baruti wala kununua mtutu mpya, angalia kwanza inavyokaa kwenye resti na inavyorudi nyuma ukishavuta triga. Watu wengi wanaotumia resti ya mbele na begi la nyuma, yaani wa benchresti (kupiga kutoka mezani) na F-Class (mashindano ya masafa marefu ya kupiga ukiwa umelala), wanatumia pesa nyingi kwenye risasi na skopu (darubini ya kulengea) alafu bunduki yenyewe wanailaza tu kwenye mchanga kama mzigo. Na hapo ndo pointi zinapotelea.

Tuanze na hesabu kidogo maana bila hiyo utakuwa unapaka poda tu bila kujua unatibu nini. Chukua bunduki ya kilo 8 inayorusha risasi ya gramu 9 kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde. Wakati risasi bado iko ndani ya mtutu, bunduki inakuwa imesharudi nyuma kama milimita 0.8 au 0.9 hivi, haifiki hata milimita moja, na yote hayo yanatokea ndani ya milisekunde moja na kidogo. Zile sentimita kadhaa unazoziona bunduki ikirudi mpaka begani zinatokea risasi ikiwa imeshaondoka zamani. So kinachoharibu shabaha ni kile kinachotokea kwenye hiyo milimita ya kwanza, pamoja na hali ambayo bunduki ilikuwa nayo sekunde moja kabla ya kuvuta. Kurudi kwingine kote kunakusaidia tu kusoma kama mwanzo ulikuwa mzuri au mbaya.

Na hapa kuna kitu watu wanakosea sana, wanadhani msuguano unaizuia bunduki isirudi. Hauizuii. Nguvu inayoisukuma bunduki nyuma wakati risasi iko kwenye mtutu ni mamia ya kilo, wakati msuguano wa bunduki ya kilo 8 kwenye begi ni kilo 2 au 3 tu. Shida ni kwamba msuguano unavuta chini ya mstari wa mtutu, na mara nyingi unavuta upande mmoja kuliko mwingine, na mbaya zaidi unabadilika risasi hadi risasi. Ungekuwa uleule kila mara ungeuzoea, ungerekebisha skopu na maisha yangeendelea. Ila leo begi limekauka, kesho lina unyevu, risasi hii umebana resti kidogo, ile inayofuata umelegeza, bunduki inaanza safari yake kila mara kwa mwelekeo tofauti kidogo.

Huo utofauti ni mdogo kiasi gani? Tunapima kwa MOA, yaani dakika moja ya pembe, sehemu ya 60 ya digrii. MOA 0.1 kwenye yadi 1000 ni kama sentimita 2.7. Sasa kama umbali kati ya resti ya mbele na begi la nyuma ni sentimita 70, ili upoteze hiyo MOA 0.1 kitako kinatakiwa kipande au kishuke milimita 0.02 tu. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa kama milimita 0.1, yaani tunaongelea sehemu ya tano ya unene wa karatasi. Na kwenye tageti ya F-Class ya NRA ya Marekani ya yadi 1000, duara la X, lile dogo la katikati kabisa, lina kipenyo cha inchi 5, kama nusu MOA, so ukipoteza 0.1 huku na 0.1 kule karibu nusu ya duara imeisha. Kwenye mita 100 hiyo 0.1 ni milimita 3 tu, inajificha ndani ya tundu lenyewe huioni, ndo maana bunduki inaonekana nzuri karibu alafu mbali inakuangusha.

Sasa kazi. Kabla ya chochote toa bolti (kile chuma kinachofunga chemba) kabisa, hakikisha chemba haina kitu, mtutu uelekee kwenye tageti. Vipimo vyote vya kuisukuma bunduki kwa mkono vinafanyika bolti ikiwa nje, hasa kama una triga nyepesi za benchresti za wakia 2, maana hizo ni kama gramu 57 tu, hazina mzaha.

Kitu cha kwanza kabisa ni mstari. Sio poda wala tepu, mstari. Resti ya mbele, begi la nyuma na mtutu lazima viwe kwenye mstari mmoja kuelekea tageti. Weka krosi ya skopu (ule msalaba wa kulengea) kwenye alama unayoiona vizuri, alafu shika bunduki kwa vidole viwili nyuma ya kitako uivute taratibu kuja nyuma kama sentimita 5, jicho liko kwenye skopu bila shavu kugusa. Angalia krosi inakwenda wapi. Ikienda kulia au kushoto maana yake begi la nyuma limekaa pembeni ya mstari au limegeuka, masikio yake (zile nundu mbili za juu zinazoshika kitako) yanaelekea kwingine na resti inaelekea kwingine, so bunduki ikirudi inalazimika kupinda. Usiizungushe bunduki kufuata begi, sogeza begi. Ligeuze kidogo sana, rudisha bunduki mbele, vuta tena, mpaka krosi ibaki kwenye ule mstari wa wima. Inachosha mwanzoni, na ndo dakika zenye faida kuliko zote utakazotumia siku hiyo.

Krosi ikipanda au kushuka wakati unavuta, hiyo ni habari nyingine. Inatokana na umbo la sehemu ya chini ya kitako. Kitako cha kawaida kina mteremko chini yake, so bunduki ikirudi nyuma, begi linakishusha au kukipandisha na mdomo wa mtutu unafanya kinyume. Bunduki za benchresti na F-Open (daraja la F-Class linaloruhusu resti ya mbele) nyingi zinatengenezwa chini ya kitako kuwe sambamba na mtutu au karibu na hapo, na forendi (ile sehemu bapa ya mbele inayolala kwenye resti) nayo iwe sambamba. Kama chako kina mteremko sio mwisho wa dunia, unaweza kufunga reli bapa chini ya kitako inayorekebishika pembe. Mteremko mdogo ambao haubadiliki unaweza kuishi nao, kwa sababu kwenye ile milimita moja ya kwanza unaleta mabadiliko yaleyale kila risasi, ilimradi bunduki ianzie palepale kila mara. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kupinda kwenda pembeni na kupanda juu, kupinda pembeni ndo narekebisha kwanza, maana kupinda hakutulii, kila ukigusa begi kunabadilika.

Kipimo cha pili ni kidogo ila kinafichua mengi. Lenga alama, alafu kwa kidole kimoja sukuma kitako kwenda kulia kidogo sana, krosi itoke kwenye alama, kisha achia. Angalia imesimama wapi. Sasa fanya hivyohivyo kwenda kushoto, achia, angalia. Kama krosi inarudi sehemu moja pande zote mbili, uko vizuri. Kama ukiisukuma kulia inabaki kulia kidogo na ukiisukuma kushoto inabaki kushoto kidogo, basi begi linaing'ang'ania bunduki, na kitambaa au ngozi imejikunja ikashika mvutano ndani yake kama uzi uliosokotwa. Huo mvutano haupotei. Unakaa pale ukisubiri, na ukivuta triga bunduki ikianza kutembea tu, kushikana kunaachia na mvutano unajimwaga kwenye upande wowote ulioelekea. Kwa maoni yangu hiki ndo chanzo kikubwa cha risasi zile zinazotoka nje ya grupu (kundi la matundu kwenye tageti) bila maelezo, kuliko msuguano wenyewe wakati wa kurudi. Utaigundua pia ukitumia resti ya joistiki (yenye mkono mmoja wa kusogeza lengo pande zote), unaweka krosi katikati, unaachia mkono, na krosi inatambaa polepole kurudi ulikoitoa. Ukiona inatambaa usipige.

Kwa nini begi linang'ang'ania? Mara nyingi umebana sana. Zile kuta za pembeni za begi la mbele zipo kwa ajili ya kuiongoza bunduki, sio kuikaba. Bana mpaka forendi isicheze kulia na kushoto, kisha legeza kidogo, kisha isukume bunduki kwa kidole kimoja nyuma ya kitako: inatakiwa iteleze mbele bila kushtuka na bila begi kuvutwa nayo. Ukiona kitambaa cha begi kinakunjamana mbele ya forendi wakati bunduki inasogea, bado imebana au begi ni laini mno. Kwenye masikio ya nyuma hivyohivyo, kitako kikizama ndani kabisa kati ya masikio, kinabanwa pande zote kama kabari na kila risasi inazama zaidi, unajikuta unazungusha skrubu ya resti kupandisha na kushusha mchana kutwa. Dawa ni masikio yenye nafasi inayolingana na upana wa kitako chako, na begi lijazwe liwe gumu.

Ugumu wa begi watu wanaudharau. Begi laini linaonekana zuri kwa sababu bunduki inatulia haraka ukiilaza, lakini linajifinyanga kuzunguka kitako, eneo linalogusa linakuwa kubwa na umbo lake linabadilika kila risasi. Jaza mchanga mkavu kabisa, mzito ukiupata, ushindilie kidogokidogo huku unagonga begi pembeni mpaka ukilibonyeza kwa dole gumba linabonyea kidogo tu. Mwili wa begi uwe mgumu zaidi, masikio unaweza kuyaacha na ulaini kidogo sana ili yasiwe yanarusha bunduki. Kuna wanaojaza vitu vyepesi vya plastiki ili begi lisiwe zito kubeba, sishauri kabisa kwa bunduki ya kilo 8 au 10, begi jepesi linatembea na bunduki.

Na chini yake pia paangaliwe. Begi likikaa kwenye mkeka laini au kwenye udongo uliotifuka, ugumu wake wote hauna maana. Chimba au gandamiza udongo mpaka ukae sawa, bonyeza begi kwa ngumi kabla ya kuweka bunduki. Miguu ya resti yenye ncha igongwe ardhini mpaka izame mwisho, kwenye benchi la zege iwekee visahani vya chuma. Shika resti kwa mkono uitikise, kama inacheza hata kidogo rudia.

Baada ya hapo ndo tunakuja kwenye utelezi wenyewe, ambao wengi huanza nao. Forendi na chini ya kitako viwe visafi na laini, visiwe na kovu la rangi iliyobanduka, wala mshono wa gundi, wala ile skrubu ya kufungia mkanda. Hiyo skrubu itoe, nimeona bunduki nzuri kabisa ikikwama kwenye sikio la begi kwa sababu ya kichuma kidogo hicho. Nta ya gari iliyopakwa na kung'arishwa mpaka ikauke inafanya kazi vizuri kwenye mbao na faiba. Tepu ya plastiki ngumu ya UHMW, ile nyeupe yenye gundi nyuma, ni nzuri zaidi, bandika kipande kimoja kirefu bila maungio kwenye forendi na kingine chini ya kitako, kingo za mbele na nyuma zikunjwe au zikatwe kwa mviringo ili zisibanduke. Ila soma kanuni za mashindano yako kwanza. Kwenye F-Open kwa mfano forendi isizidi upana wa milimita 76 na bunduki nzima isizidi kilo 10, so chochote unachoongeza kinahesabika.

Kwa upande wa begi, masikio ya kitambaa cha sintetiki kinachoteleza hayana matatizo mengi. Ngozi ni nzuri na imara lakini inakunywa unyevu, asubuhi yenye umande inashika na mchana ikikauka inateleza, na hapo katikati ya siku umeshapiga risasi za hali mbili tofauti bila kujua. Poda ya talki inasaidia sana kwenye ngozi, ila kidogo, unaipaka kwa kidole na kuisugua iingie, ya juu unaipangusa. Ukiimwaga mpaka inaonekana nyeupe itajikusanya kwenye mikunjo, ikipata unyevu inakuwa vidonge, na nyingine inapanda mpaka kwenye triga. Poda ya wanga wa mahindi usitumie, ikilowa inanata. Spreyi ya silikoni inayokauka nayo ni sawa, ipulize kwenye kitambaa mbali na lensi za skopu, pangusa, acha ikauke kabisa. Mafuta ya bunduki au grisi hapana. Vinateleza leo, wiki ijayo vimekusanya vumbi umepata msasa.

Kitu muhimu kuliko aina ya dawa ni kwamba ukishapaka usipake tena katikati ya mechi. Paka kabla, sukuma bunduki mbele na nyuma mara kadhaa mpaka utelezi utulie, alafu ndo uanze kupiga.

Wa F-TR, lile daraja jingine la F-Class, mnaotumia baipodi (miguu miwili inayofungwa mbele ya bunduki), mambo ni yaleyale ila sehemu ya kuteleza imehamia kwenye miguu. Bunduki zenu ni za .223 Remington au .308 Winchester na hazizidi kilo 8.25 pamoja na baipodi, so zinaruka zaidi, hasa .308 na risasi nzito. Miguu ya umbo la ski, mirefu na iliyopinda juu mbele na nyuma, ndo inayorudi nyuma vizuri, lakini hizo ski zote mbili ziwe sambamba na mtutu. Moja ikiangalia nje kidogo, bunduki inazunguka kuifuata nyingine. Zilaze kwenye mkeka mgumu au zulia fupi lisilo na nyuzi ndefu, lililolazwa bapa, na kila baada ya risasi chache angalia kama hazijachimba mtaro. Ule mtindo wa kusukuma baipodi mbele kwa bega mpaka miguu ikaze, wanaoutumia kwenye bunduki za uwandani wana sababu zao, ila kwenye tageti za karatasi unaongeza kitu kimoja zaidi cha kurudia sawasawa kila mara na binadamu hawezi.

Hapo tumefika kwenye mwili wako, ambao ni resti ya tatu. Bunduki nzito ya risasi ndogo, 6 PPC au 6 BR kwa mfano, unaweza kuipiga bila kuigusa kabisa isipokuwa triga, inarudi yenyewe kwenye begi alafu unaipokea. Ni njia safi kuliko zote kwa sababu umejitoa kwenye hesabu. Ila usijaribu hivyo na bunduki ya risasi kubwa yenye nguvu kama .300 WSM au bunduki nyepesi, itakuja na kasi na skopu itakupasua juu ya jicho. Kwa hizo weka bega, mguso mwepesi lakini wa kweli, uleule, na hapo ndo penye kazi: bega linalogusa kwa uzito tofauti linapandisha na kushusha risasi kuliko begi lolote baya. Mpira laini wa kitako unang'ang'ania nguo, kitako kinashindwa kuteleza begani na ukipumua bunduki inapumua na wewe. Vaa kitu laini kisichoshika, au badilisha mpira uweke sahani yenye uso mgumu. Shavu ama liguse kidogo sana ama lisiguse. Dole gumba usizungushe kwenye shingo ya kitako, liweke pembeni upande wa triga, maana ukikunja ngumi unaipindisha bunduki bila kujua, na yenyewe tayari ina msokoto wake: mtutu unaozungusha risasi kwenda kulia unaifanya bunduki itake kulala kushoto, ndo maana forendi pana inasaidia.

Sasa risasi yenyewe. Rudisha bunduki mbele mpaka iguse kizuizi cha resti, kwa nguvu ileile, usiigonge. Ivute nyuma na kuirudisha sentimita chache mara mbili ili begi litoe mvutano wake, rekebisha krosi, toa mkono, subiri pumzi moja uone kama inatambaa, vuta. Ukishapiga usinyanyue kichwa. Angalia krosi imetua wapi bunduki ikishasimama. Ikitua juu ya mstari wa wima uleule kila risasi, resti yako inafanya kazi. Ikitua siku zote kushoto kwa umbali uleule, angalia mstari tena lakini usiogope sana. Ikitua leo kushoto, risasi inayofuata kulia, acha kupiga, kuna kitu kimelegea au wewe ndo unakaba.

Ukitaka kujua kama kutawanyika juu na chini kunatoka kwenye resti au kwenye baruti, tumia kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) kwa pamoja. Andika kasi ya kila risasi na mahali ilipotua. Zile zilizotua juu zikiwa ndo zenye kasi kubwa na za chini zenye kasi ndogo, shida ni risasi, rudi kwenye mzani wa baruti. Kasi zikiwa karibu sawa na bado risasi zinapanda na kushuka, rudi kwenye begi la nyuma kwanza, kisha bega, kisha ile miguu ya resti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, piga grupu zaidi ya moja kabla ya kuamua, na ukipata mkao mzuri piga picha begi limekaa wapi, chora alama ya penseli kwenye kitako mahali kinapokutana na masikio na nyingine kwenye forendi, ili siku nyingine uanzie hapo. Begi likihifadhiwa lihifadhiwe pakavu, limesimama, bila kitu juu yake, maana masikio yaliyolaliwa na mzigo yanapinda na hayarudi.